Boma Kabla ya Ziwa

Msafiri wa Kenya amezoeshwa kwenda kwa wanyama au kwenda baharini. Kisumu haimo katika mazoea hayo. Wengi wanaoifikia huja kwa mazishi, kwa harusi, kwa semina ya serikali au kwa mechi ya Gor Mahia, na wakibakiwa na saa mbili tatu watakula samaki ufuoni, watakodi mashua Dunga wakaangalie viboko, watapiga picha jua likizama, kisha basi. Hakuna ubaya katika hayo. Samaki wa Dunga ni mtamu, na jua la huko huzama vizuri kweli. Ila aliyefanya hayo tu ameona maji, nchi yenyewe hajaiona. Nami nashikilia kwamba kinachoifanya Nyanza, nchi inayouzunguka mji huu, istahili safari si Ziwa Victoria hasa, wala si vivutio vyake vya kihistoria vikitembelewa kimoja kimoja kama vituo vya basi. Ni boma la kijijini, yaani ule mpango wa lango, zizi, nyumba na kaburi ambao watu wa mwambao huu wameishi ndani yake kwa karne nyingi na bado wanaishi. Anayeuelewa mpango huo atayaona majabali, makaburi ya viongozi na kuta za mawe kuwa mambo ya familia moja. Asiyeuelewa atarudi akisema Nyanza hakuna cha kuona.

Anza mjini, japo mji wenyewe ni mgeni katika nchi hii. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Siku hizo eneo lote lilihesabiwa kuwa la Uganda, hadi mpaka uliposogezwa mwaka uliofuata. Bandari, maduka ya Wahindi, nyumba za makarani wa reli, yote hayo ni mambo ya miaka mia na ushei. Mjini nakushauri mahali pamoja tu, Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Uwanjani mwake limejengwa boma zima la Kijaluo kwa vipimo vyake halisi, la mwanamume wa kubuni mwenye wake watatu na kijana wa kiume aliyekwisha kukua. Wageni hulipita haraka wakikimbilia nyoka na mamba. Wangesimama pale nusu saa. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, iko juu kabisa, ikilitazama lango. Ya mke wa pili na ya mke wa tatu ziko pembeni, kila moja upande wake. Ng'ombe wana zizi lao mbele ya nyumba hizo, na karibu na lango iko simba, kibanda cha kijana ambaye umri umemkataza kulala tena nyumbani kwa mamake. Hakuna kilichowekwa mahali kwa sababu tu palikuwa na nafasi. Kijana huyo akishapata mke na watoto atahama akaanzishe boma lake, kwa zamu ya kuzaliwa, mkubwa akimtangulia mdogo. Siku ya kuhama hubebwa jogoo, shoka na moto. Kitinda mimba hubaki, na lango la baba huwa lake. Mpango wa nyumba, kwa hiyo, hukueleza nani alizaliwa lini, nani aliolewa kabla ya nani, na nani atarithi nini, bila mtu kufungua kinywa.

Sasa toka mjini kwa barabara ya Bondo. Baada ya kilomita 30 hivi, katika nchi ya Seme, yako majabali ya Kit Mikayi, yamepandana kwenda juu kiasi cha kumfanya mtu ashike kofia akiyatazama. Mwanajiolojia atakueleza habari ya mwamba mgumu uliobaki baada ya mvua na jua kula ule laini. Wenyeji wanayahesabu majabali hayo kama nyumba: hili la mikayi, lile la mke wa pili, lile la wa tatu. Husimuliwa habari za mzee aliyelipenda jiwe hata akawa anashinda humo kutwa, na mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi akajibu kwamba amekwenda kwa mke wake mkubwa. Ni utani mkali, na mtu aliyepita makumbusho anaucheka papo hapo, kwa kuwa anajua mke mkubwa ana haki gani ambazo mke mdogo hana. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, hupanda humo kufunga na kusali. Mrundo wa mawe uliopewa ngazi za unyumba, ukawa pia mahali pa ibada ya Kikristo: sijui mahali pengi Kenya ambapo mambo hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana.

Mbele zaidi ni Bondo, na nje yake Kang'o ka Jaramogi. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyejiuzulu mwaka 1966, alizikwa hapo mwaka 1994, na kaburi lake limejengewa makumbusho. Oktoba 2025 mwanawe Raila, aliyekuwa waziri mkuu, alifariki India tarehe 15 na siku nne baadaye akazikwa hapohapo. Ng'ambo ya ghuba ya Winam, kwa kivuko cha Luanda Kotieno hadi Mbita na kisha daraja la Rusinga, ni kaburi la waziri Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Jengo lililosimama juu yake lina umbo la risasi. Mataifa mengi huwakusanya wakubwa wao katika makaburi ya heshima ya mji mkuu. Huku historia ya siasa ya Kenya imetawanyika vijijini, katika maboma, kwa sababu mtu mzima huzikwa penye lango la kwao. Anayedhani hilo ni jambo la wazee wa zamani aikumbuke kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, nchi nzima ikifuatilia magazetini, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Hoja iliyoubeba upande wa ukoo ilikuwa kwamba Nairobi marehemu alikuwa na nyumba tu, hakuwa na boma. Mimi naona mjane alinyimwa haki yake. Hata hivyo, wakili wa jiji, mwenye mali na elimu, alipimwa mbele ya majaji kwa swali la lango lake liko wapi, na hilo latosha kuonyesha uzito wa jambo tunaloliita, kwa dharau kidogo, mambo ya kijijini.

Vipeperushi vya utalii havianzi na hayo. Vinaanza na mamilioni ya miaka: fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948, la kiasi cha miaka milioni 18, na zana za mawe za Nyayanga, katika rasi ya Homa, zilizotangazwa mwaka 2023 na kukadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa. Ni mambo makubwa. Ila msafiri wa kawaida akifika ataona udongo na mmomonyoko, na kilichofukuliwa hakimo humo tena. Michoro ya Kwitone, kisiwani Mfangano, ni habari nyingine. Ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, kwenye mwamba juu ya kilima. Husemwa ni kazi ya Watwa, wawindaji waliotangulia wote. Wanaokuonyesha ni Waabasuba, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, na ambao wengi wao leo huzungumza Kijaluo. Mahali hapo paliheshimiwa kwa kuombea mvua. Kisiwa hicho kinatuondolea dhana moja mbaya, kwamba Nyanza ni nchi ya watu wa aina moja waliokaa tangu zamani bila mabadiliko. Mpango wa boma umepitia mikono ya watu wengi.

Ushahidi mkubwa wa hilo ni Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, na hapo ndipo ningemwomba msafiri atumie siku nzima. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa kuanzia karne ya 16, bila saruji na bila udongo wa kukandika. Kuta zina urefu wa mita moja na nusu hadi nne na nusu, na unene wa mita moja hadi tatu. Zikaribie. Uso wa nje na uso wa ndani umepangwa kwa mawe yaliyochaguliwa kwa jicho la fundi, yakaingiana, na katikati pamejazwa vijiwe. Ukuta haunyooki, umepinda na kupindika, na penye udhaifu umeegemezwa kwa mawe mengine. Chini zimeachwa tundu za kupitishia maji ya mvua. Malango ni mafupi na membamba, yamefunikwa juu kwa mawe marefu bapa, na mtu mzima haingii bila kuinama. Mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na ng'ombe akipita hupita mmoja mmoja. Ndani kuna alama za nyumba za duara, mazizi na mawe ya kusagia nafaka, na pako mahali palipokuwa pa wahunzi. Watafiti wamehesabu mabaki ya maboma ya namna hii zaidi ya 500 kusini mwa Nyanza. Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika vizuri kuliko yote. Linganisha na Zimbabwe Kuu, ambayo nayo ilijengwa kwa mawe makavu: kule kulikuwa na watawala na watawaliwa, na mawe yenyewe yanasema hivyo. Huku hakuna kasri. Kuna familia, ng'ombe wao, na majirani waliokubali kubeba mawe pamoja kwa sababu ya usalama wa wote. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana kuta hizo, zikazikarabati, na watu wakaendelea kuishi ndani yake hadi katikati ya karne ya 20. Mzee aliyezaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia angeweza kuwa na shangazi aliyepikia humo. UNESCO ilipoiingiza Thimlich katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ilisifu hasa ushahidi wake juu ya jinsi watu wa bonde la Ziwa Victoria walivyopanga makazi na uhusiano wao. Amani ilipowafanya watu wasihitaji tena ukuta wa mita nne, ua wa mimea ulichukua kazi yake. Lango halikuondoka.

Nitaambiwa: hayo yalikuwa, leo ni mabati. Ni kweli, nyasi zimekwisha na paa la duara huonekana zaidi katika hoteli za watalii kuliko vijijini. Nyumba za mawe ya kuchonga, zenye vioo na matangi ya maji, zimejaa Siaya na Homa Bay, zimejengwa na wana walio Nairobi, Uingereza na Marekani. Lakini tazama zimejengwa wapi. Mwenye pesa huangalia kaka yake mkubwa kajenga au la; simba ya kijana, ingawa ina bati na sola, iko karibu na lango; kaburi lina vigae na liko ubavuni mwa nyumba. Kilichobadilika ni vifaa, na vifaa hubadilika siku zote: mawe yaliipisha miti, miti ikayapisha mabati. Nadhani msafiri anayetafuta nyasi ndiye anayetafuta kitu kilichokufa, na akikosa huwalaumu wenyeji kwa kuendelea na maisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mpango huu ninaousifu uliwekwa kwa faida ya wanaume. Binti hana simba wala lango. Kwake ni kule atakakoolewa. Mjane alirithiwa na ndugu wa mume, na katika miaka ya ukimwi desturi hiyo iliua watu. Ardhi ilifuata wana wa kiume. Katiba ya 2010 imeagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila zinazohusu ardhi, na kesi za mabinti wanaodai sehemu yao zinaendelea kufikishwa mahakamani. Sina jibu la kulifuta pingamizi hili, wala silitafuti. Nasema tu kwamba safari ya kihistoria isiyoonyesha uchungu wa mahali ni matangazo ya biashara. Anayekwenda Lamu husikia habari za watumwa, au ahakikishe anazisikia. Anayekwenda Nyanza amuulize mwongozaji wake, hasa akiwa mwanamke, boma hili limemtendea nini. Mara nyingi jibu litakuwa refu kuliko maelezo ya jiwe lolote, na litamfundisha kwamba mila inayojadiliwa kwa ukali hivyo bado ina nguvu. Hakuna anayegombania kitu kilichokwisha.

Wengine watasema ziwa linaumwa, kwa hiyo mwambao nao umepoteza uzuri wake. Magugumaji yameisumbua ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990, na siku nyingine hufunga mashua zisitoke kabisa. Mbuta, aliyeletwa katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya biashara, aliwamaliza samaki wadogo wengi wa asili. Hata ngege unayewekewa mezani Kisumu huenda ametoka kwenye kizimba, au amefika akiwa ameganda barafu kutoka China. Uliza kabla ya kula. Ubaya huo siupunguzi. Lakini ni hoja ya kuacha kulitegemea ziwa peke yake kama kivutio, na hivyo inaniunga mkono. Tena uhai haujatoka wote. Ziwa Kanyaboli, dogo, lililojificha nyuma ya mafunjo ya Yala, limewahifadhi ngege wa asili walioangamia katika ziwa kubwa. Bonde la Lambwe lina korongo wa jamii ya swala, ambao Kenya nzima hawapatikani kwingine porini. Na usiku wa giza wavuvi wa omena bado huwasha taa zao majini, nyingi kiasi kwamba mgeni hudhani kuna mji ng'ambo. Asubuhi wanawake huanika omena hao juu ya nyavu zilizotandazwa ufuoni, wakiwageuza kwa viganja, wakiangalia mawingu kwa jicho moja na wanunuzi kwa jingine, kwa sababu mvua ya dakika kumi hugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku. Hayo nayo ni kazi ya boma: karo nyingi za shule za mwambao huu zimetoka kwenye nyavu hizo.

Limebaki swali la adabu, nalo sioni likiulizwa vya kutosha. Boma si jumba la maonyesho. Mji Mkongwe wa Zanzibar umetufundisha jinsi nyumba za watu zinavyogeuka hoteli na wenyewe wakahamia pembezoni, na ulisifiwa kwa kuwa mji unaoishi. Je, kuwaalika wageni Nyanza si kuwaalikia maafa yaleyale? Hatari ipo, lakini mpango wenyewe una kinga. Lango limewekwa ili mgeni asimame. Huingii boma la Kijaluo kama unavyoingia kichochoro. Unasubiri, unajitambulisha ni mtoto wa nani na umetoka wapi, na mwenye boma ndiye anayekuambia uketi wapi. Tena ardhi yenye kaburi la babu haiuziki kirahisi kwa mwenye hoteli. Utalii unaofaa hapa ni ule unaopitia kwa wenyeji: waongozaji wa kijijini, vikundi vya Dunga, makumbusho ya jamii ya Waabasuba kule Mfangano, vyumba vya kulala katika vijiji badala ya kambi ya kifahari iliyozungushiwa waya. Picha ya kaburi usipige kabla ya kuuliza. Ukiwekewa ugali wa mtama na mnavu, kula. Kukataa chakula bomani ni kukataa watu.

Wanaolalamikia umbali wana haki kidogo tu. Ndege kutoka Nairobi hadi Kisumu huchukua chini ya saa moja, lami imefika Bondo, Mbita na Homa Bay, na kivuko cha Luanda Kotieno humwokoa mtu na mzunguko mzima wa ghuba. Kazi iko kwenye kipande cha mwisho kwenda Thimlich, ambacho wakati wa mvua za masika humtaka dereva mwenye subira, na alama za barabarani za kukuelekeza ni chache mno kwa mahali penye hadhi kama hiyo. Hilo ni deni la serikali kuu na serikali za kaunti, na lisisingiziwe jiografia. Shule za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hukodi mabasi kila mwaka kuwapeleka wanafunzi Nairobi wakaone uwanja wa ndege na Bunge. Ningeomba basi moja kati ya hayo lielekee Thimlich Ohinga. Ni Urithi wa Dunia tangu 2018, ni kazi ya mikono ya watu wa hukuhuku, na mtoto wa Nyanza hapaswi kumaliza shule kabla hajainama kupita lango lake.